Vyombo Vikongwe vya Kupimia Nuru: Tusivitupe Kabla ya Kuvifungua

Mwalimu yeyote wa sayansi aliyedumu kazini kwa miaka michache analijua kabati lile lililo nyuma ya maabara. Ndani yake mna hadubini isiyo na lenzi, mizani iliyokwama, galvanomita ambayo sindano yake imelala upande mmoja, na pengine sanduku zito la chuma lenye piga ya namba na waya wa umeme uliokatwa. Kila mwaka vitu hivyo huhesabiwa, huandikwa "kibovu" katika daftari la mali, kisha mlango hufungwa. Hatimaye huja siku ambayo nafasi inahitajika, na sanduku lile huuzwa kwa kilo pamoja na fremu za madirisha na miguu ya madawati.

Katika makala hii nakusudia kutoa hoja kwamba vyombo hivyo, hasa vile vya kupimia nuru, visiuzwe wala visitupwe kabla ya walimu na wanafunzi kupata nafasi ya kuvifungua, kuvielewa na kujaribu kuvifufua. Kazi hiyo yaweza kufanywa wakati wa mapumziko, katika chama cha sayansi cha shule, kwa kujifurahisha tu. Lakini matunda yake si ya kujifurahisha tu. Aidha, nitaonya kwamba chombo kilichofufuliwa bila kuhakikiwa ni hatari kuliko kilichokufa. Yote mawili nimejifunza kwa makosa yangu mwenyewe.

Swali ambalo sikuweza kulijibu

Nilisomea shahada ya uzamivu nchini Ujerumani. Kwa miaka minne nilitumia spektrofotomita karibu kila wiki. Hicho ni chombo kinachopima ni kiasi gani cha nuru ya rangi fulani hufyonzwa na kimiminiko, na kwa njia hiyo hutuwezesha kujua ni kiasi gani cha dawa au madini kimo ndani ya kimiminiko hicho. Chombo kilipoharibika, mtu alipiga simu, na baada ya siku chache akaja fundi kutoka kwa watengenezaji akiwa na mkoba wake. Sisi tulikwenda kunywa kahawa. Tuliporudi, chombo kilikuwa kizima.

Baada ya kurejea nyumbani nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya sekondari. Mazungumzo yalipokwisha, mwalimu wa kemia, mama mwenye umri wa kunizaa, alinipeleka kwenye kabati la nyuma na kunionyesha masanduku mawili yenye vumbi. "Mwanangu," aliniambia, "wewe si ndiwe uliyesomea mambo ya nuru? Hebu tuambie kama hivi vinaweza kupona."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepata shahada kwa kutumia vyombo vya namna ile ile, lakini sikuwahi kufungua hata kifuniko kimoja. Nilijua namba zinazotoka upande wa mbele, wala sikujua jinsi zinavyozaliwa upande wa ndani. Nikaomba kuazimwa masanduku yale kwa maandishi, nikayapeleka nyumbani, na hivyo ndivyo nilivyoanza shughuli ambayo mpaka leo hula Jumamosi zangu nyingi.

Sanduku na yaliyomo

Vyombo vyenyewe vilikuwa vya aina ya Spectronic 20, iliyobuniwa na kampuni ya Bausch & Lomb ya Marekani katika miaka ya 1950. Aina hiyo iliendelea kutengenezwa, kwa mabadiliko machache, kwa zaidi ya nusu karne, nayo ilisambaa katika shule na vyuo vya nchi nyingi. Ndiyo maana yafaa kuieleza hapa: huenda msomaji ataikuta katika kabati lake mwenyewe.

Safari ya nuru ndani ya sanduku hilo ni fupi. Nuru hutoka katika balbu ya kawaida yenye waya wa tangsteni, hupita katika lenzi na mwanya mwembamba, kisha hufika kwenye gretingi. Gretingi ni kibao kilichopakwa alumini na kuchorwa mifuo 600 katika kila milimita. Umbali kati ya mfuo na mfuo ni kama nanometa 1,667, yaani karibu mara tatu ya urefu wa wimbi la nuru ya kijani. Mawimbi yanayoakisiwa na mifuo hiyo huungana au huuana kulingana na pembe, na kwa sababu hiyo kila rangi hutoka kwa pembe yake. Mtumiaji akizungusha piga, gretingi hugeuka kidogo, na rangi nyingine ndiyo inayopita katika mwanya wa pili. Nuru hiyo hupenya kimiminiko kilichomo katika neli ya kioo, hufika kwenye tyubu inayogeuza nuru kuwa mkondo wa umeme, na mkondo huo husukuma sindano.

Ni hayo tu. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuufuata mwendo huo kwa kidole. Vyombo vya siku hizi vimefungwa ndani ya plastiki, na sehemu kubwa ya kazi hufanywa na programu isiyoonekana. Chombo kikongwe hakimfichi mtu kitu: kila skrubu, kila lenzi na kila kibao kipo mahali pake kwa sababu, na sababu hiyo yaweza kutafutwa.

Kufuata nyayo za msanifu

Sikuwa na kitabu cha maelezo wala mchoro wa nyaya. Ilinibidi nifuate nyayo za msanifu kinyumenyume, yaani nianze na kitu alichokitengeneza, nikarudi hadi kwenye wazo alilokuwa nalo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kubwa. Nilipofungua sanduku la kwanza niliiona gretingi ikiwa na vumbi na alama ya kidole, nikaipangusa kwa pamba iliyoloa spiriti, kama mtu anavyopangusa miwani. Ilipokauka, upinde wa rangi uliokuwa ukionekana juu yake ulikuwa umegeuka ukungu. Mifuo ya gretingi ni laini mno; pamba huikwangua, na mafuta ya ngozi hujaa ndani yake. Kwa dakika moja ya usafi niliua chombo ambacho kilistahimili miaka mingi ya vumbi. Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti: gretingi na vioo vilivyopakwa madini upande wa mbele havigusi kitu chochote, isipokuwa hewa safi inayosukumwa kwa kipira cha mkononi. Kama vumbi halitoki, na libaki.

Sanduku la pili nililiendea kwa heshima zaidi. Niliibadili fyuzi, nikaunga waya uliokatwa, nikaweka balbu mpya. Balbu iliwaka, lakini sindano haikuondoka kwenye sifuri. Kwa majuma mawili niliishuku tyubu ya nuru, nikazipima nyaya moja moja, nikakata tamaa. Karibu na mahali pa kuwekea neli palikuwa na kibati chepesi kilichoning'inia, nami nilikichukulia kuwa ni kitu kilicholegea. Nilikwisha kushika koleo ili kuking'oa nilipojiuliza: kama kimelegea, mbona kina egemeo lililotengenezwa kwa ustadi namna hii?

Nikaweka neli mahali pake, nikatazama. Neli ilipaswa kukisukuma kibati pembeni, lakini kutu ilikuwa imekishika. Ndipo nilipoelewa nia ya msanifu. Alitaka kwamba neli ikiondolewa, kibati kianguke na kuizuia nuru yote, ili mtumiaji aweze kuiweka sindano kwenye sifuri ya kweli bila kuzima taa. Neli ikirudishwa, njia hufunguka yenyewe. Kibati kile kilikuwa sehemu ya kipimo, nami nilitaka kukitupa. Tone moja la mafuta kwenye egemeo lilimaliza ugonjwa wa miaka.

Watu waliofanya mambo makubwa katika elimu ya nuru walipita njia kama hii. Mwaka 1609 Galileo alisikia habari za darubini iliyotengenezwa Uholanzi, akafikiri jinsi inavyoweza kufanya kazi, akajitengenezea yake na kuiboresha. Januari mwaka 1610 aliona miezi ya sayari ya Mshtarii. Fraunhofer, yatima aliyeanza kazi kama mwanagenzi wa fundi vioo, alichunguza nuru ya jua mwaka 1814 alipokuwa akitafuta njia ya kupima ubora wa vioo vyake, akahesabu ndani yake mistari myeusi 574. Baadaye alitengeneza gretingi kwa kutandaza nyaya nyembamba kati ya skrubu mbili. Mikono yake na elimu yake havikutengana.

Chombo kinachosema uongo kwa ushupavu

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha maoni yangu. Sanduku la pili lilipopona nililirudisha shuleni kwa shangwe. Pamoja na wanafunzi tulitayarisha vimiminiko vya pamanganeti ya potasiamu vya nguvu mbalimbali, tukaweka piga kwenye nanometa 525, mahali ambapo kimiminiko hicho hufyonza nuru sana, tukapima na kuchora grafu. Tulipata mstari uliokaribia kunyooka, kama sheria ya Beer na Lambert inavyotaka. Wanafunzi walipiga makofi. Mimi nilikwenda nyumbani nikiwa na fahari.

Wiki iliyofuata msichana mmoja wa kidato cha tatu alikata ukanda wa karatasi nyeupe na kuutumbukiza katika neli tupu, kwa kuwa alitaka kuiona rangi yenyewe kwa macho. Aliweka piga kwenye 580, ambapo kitabu chake kilisema nuru ni ya manjano. Karatasi ilikuwa kijani kibichi. Akaniuliza ni nani anayekosea, kitabu au chombo.

Tulitafuta jibu kwa vitu vilivyokuwapo. Tuliondoa balbu na kuielekeza nuru ya taa ya tyubu iingie mahali pake. Taa hizo zina mvuke wa zebaki, na zebaki hutoa nuru ya bluu yenye urefu wa wimbi wa nanometa 435.8 bila kubadilika, popote duniani. Zebaki ina mstari mwingine wa kijani kwenye 546.1, lakini huo hatukuutumia, kwa sababu unga uliopakwa ndani ya tyubu nyingi hutoa nuru yake karibu na hapo, na mtu huweza kudanganyika. Nuru ya bluu ilionekana piga iliposoma 464. Kisha tulitia chumvi ya mezani katika mwali wa taa ya spiriti uliowekwa mbali na sanduku, tukakusanya nuru yake ya manjano kwa lenzi. Nuru ya sodiamu ni ya nanometa 589. Katika chumba cha giza tulitazama kwa jicho kwenye mwanya wa pili: manjano ilianza kuonekana piga iliposoma 600, ikatoweka kwenye 634. Katikati ya namba hizo ni 617.

Tazama hesabu: 464 kutoa 436 ni 28, na 617 kutoa 589 ni 28. Kosa lilikuwa lile lile katika sehemu mbili zilizo mbali. Kwa hiyo gretingi haikupinda wala kuharibika. Piga ndiyo iliyoteleza juu ya mhimili wake. Huenda mtu aliwahi kuifungua na kuirudisha kwa kukisia. Tuliilegeza skrubu moja ndogo, tukaizungusha piga mpaka isome sawasawa, tukaikaza.

Lakini grafu yetu je? Tulipodhani tunapima kwenye 525, kwa kweli tulikuwa kwenye 497, ambapo pamanganeti hufyonza nuru kidogo zaidi. Mstari ulinyooka kwa sababu vimiminiko vyote vilipimwa kwa kosa moja. Mtu ambaye angelinganisha namba zetu na za kitabu angepata jibu la uongo, na unyoofu wa mstari ungemfanya auamini uongo huo. Nakiri kwamba mimi, mwenye shahada, niliridhika na mstari. Mtoto mwenye ukanda wa karatasi hakuridhika.

Yako makosa mengine yanayojificha vivyo hivyo. Tuchukue nuru potovu, yaani nuru inayoruka ovyo ndani ya sanduku kwa sababu ya vumbi au mikwaruzo, na kufika kwenye tyubu bila kuchaguliwa rangi. Tuseme ni asilimia 1 tu. Kimiminiko ambacho ufyonzaji wake wa kweli ni 0.30 kitasomeka karibu 0.30. Chenye 1.00 kitasomeka 0.96. Chenye 2.00 kitasomeka 1.70. Kadiri kimiminiko kinavyokolea, ndivyo chombo kinavyozidi kudanganya, na sindano haitetemeki hata kidogo. Mwanafunzi aliyewahi kuihesabu hasara hiyo kwa mkono hataiamini tena namba yoyote kwa sababu tu imeandikwa kwa tarakimu nyingi.

Majibu kwa wenye mashaka

Wapo watakaosema kwamba vyombo vipya vinapatikana, tena vidogo na vyepesi, na hata simu ya mkononi huweza kupima nuru. Sipingi. Shule yenye uwezo na inunue. Lakini wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na misala ya namna hii imetupitia mingi: chombo huja kama msaada, bila michoro wala vipuri, huzinduliwa, hutumika kwa muda, kisha hukimbilia kabati lile lile. Bila watu waliozoea kufungua na kuchunguza, chombo kipya ni chombo kibovu kinachosubiri siku yake.

Wengine watasema ni hatari. Hapo wana haki, nami sitaki kuificha hatari hiyo. Umeme wa ukutani huua. Kapasita huweza kuhifadhi chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Taa za miali ya urujuanimno zilizomo katika vyombo vingine huunguza macho, na tyubu ya zebaki ikivunjika humwaga sumu. Kwa hiyo wanafunzi wasifungue chombo peke yao. Awepo mwalimu au fundi anayejua umeme, na waya uchomolewe kabla ya bisibisi kuguswa. Kazi ya lenzi, vioo na pembe, ambayo ndiyo yenye mafunzo mengi, yaweza kufanywa bila umeme wowote.

Wengine watauliza kama chombo kilichofufuliwa kitumike kupima damu ya wagonjwa au maji ya kunywa ya kijiji. Jibu langu ni hapana. Kazi hizo zina maabara zake na taratibu zake za kisheria. Chombo cha chama cha sayansi kifundishe. Kisitoe hukumu juu ya afya ya mtu.

Mambo ninayopendekeza

Kwanza, kabla ya chombo cha maabara kuandikwa kuwa ni cha kutupwa, mkuu wa shule akikabidhi kwa chama cha sayansi kwa muhula mmoja. Mali ni ya shule na taratibu za mali zifuatwe. Asiwepo mtu wa kukichukua nyumbani kienyeji.

Pili, daftari litangulie bisibisi. Kila hatua ichorwe au ipigwe picha, kila waya upewe alama, na kila skrubu iwekwe katika kikopo chenye namba. Anayefungua bila kuandika hatajua kufunga.

Tatu, chombo kilichopona kibandikwe karatasi yenye tarehe, majina ya waliokihakiki, nuru walizotumia kukihakiki, na ukubwa wa kosa lililobaki. Chombo kisicho na karatasi hiyo kihesabiwe kuwa bado ni kibovu, hata kama kinang'aa.

Nne, vyuo vya ualimu vitenge angalau juma moja ambapo kila mwalimu mtarajiwa wa sayansi atafungua chombo kimoja, akieleze, akifunge, na kukihakiki. Mwalimu aliyefanya hivyo mara moja hataliogopa kabati.

Shule isiyo na chombo chochote inaweza kuanza na diski ya CD iliyochakaa. Mikondo yake imeachana kwa nanometa 1,600, karibu sawa na mifuo ya gretingi niliyoieleza. Nuru ya kijani ya zebaki ikiiangukia wima, huakisiwa kwa pembe ya kama nyuzi 20. Mwanafunzi mwenye pembemraba na rula anaweza kuipima pembe hiyo na kupata urefu wa wimbi la nuru kwa mikono yake mwenyewe. Asitumie jua wala leza kwa zoezi hilo, kwani macho hayana vipuri.

Mwalimu aliyeniuliza swali lile amekwisha kustaafu. Chombo bado kipo katika maabara yake, na juu ya kifuniko pamebandikwa karatasi yenye majina saba. La kwanza ni la yule msichana wa ukanda wa karatasi. La kwangu ni la mwisho, nami naona ndipo linapostahili.